Chupa ya Mstari wa Saba

Karatasi ya kukiri kosa ilikuwa na mistari minane, na Inspekta Kamikazi alikuwa ameisoma mara nne tangu asubuhi. Mimi Mukandori, mfuga kuku wa Mururu, Jumamosi jioni nilimsukuma Mwalimu Ntabaza mtoni akazama. Nilimkasirikia kwa sababu alisema mavi ya kuku wangu yanachafua kijito. Chini kulikuwa na alama ya kidole gumba, bluu, imekaa vizuri kabisa.

Kesi gani tena inataka zaidi ya hapo? Maiti alikutwa Jumapili alfajiri kwenye mto Rusizi, chini ya mlima wa Mururu, amenasa kwenye matete. Daktari aliandika: amekufa kwa kuzama. Shahidi alisema marehemu alikuwa akienda Mururu kuchukua mayai, na Mururu nzima muuza mayai ni mmoja. Mwanamke huyo alikamatwa Jumapili ileile. Akakana mpaka akakauka koo. Jana Alhamisi jioni akakiri. Leo Ijumaa, saa tisa alasiri, faili lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na baada ya hapo Mukandori angepelekwa gereza kubwa kusubiri kesi ya mauaji. Watoto wake wanne wangemwona kwa zamu, kwenye benchi, mbele ya askari.

Kamikazi alikuwa na kaugonjwa kake ka kujaza fomu. Orodha ya vitu vya marehemu ilikuwa na mistari tisa, na wa saba ulikuwa na pengo: Chupa ndogo ya kioo, ya dawa, imepatikana mfuko wa ndani wa koti. Jina la dawa: hapo hapakuwa na kitu.

"Andika haijulikani, Afande, tumalize," alisema Védaste. Alikuwa sajini mwenye mvi, mzaliwa wa Bukavu, aliyerudi jana tu kutoka mafunzo ya wiki mbili Kigali. Kesi ilifunguliwa na kufungwa akiwa hayupo.

"Haijulikani ni neno la wavivu. Binti yake yupo hapa Kamembe. Tunakwenda, tunauliza, tunarudi. Nusu saa."

Akaweka chupa mfukoni, ndani ya kifuko chake cha plastiki chenye muhuri.

Umutoni, binti wa marehemu, alikuwa mshonaji. Aliwapokea akiwa na kitambaa cha msiba begani na uzi mdomoni, akawapisha sebuleni. Kamikazi alimwonyesha chupa bila kuketi.

"Baba yako alikuwa anatumia dawa gani?"

Umutoni aliitazama ile chupa, kisha akamtazama inspekta. "Papa hakukunywaka dawa. Hii ni chupa ya batoto."

"Watoto gani?"

"Batoto bake. Kuya uone."

Akawapeleka chumba cha nyuma. Mezani, karibu kabisa na dirisha, palisimama hadubini ya zamani, nyeusi, rangi imebanduka shingoni. Mwalimu aliinunua Bukavu shule moja ilipofunga milango, akaivusha mpaka Rusizi ndani ya blanketi mwaka familia yao iliporudi Rwanda. Haikuwa na taa. Chini yake kulikuwa na kioo kidogo cha kunasa mwanga wa jua. Ukutani palipangwa mitungi ya jemu iliyojaa maji ya rangi ya chai, na kwenye rafu daftari, daftari, daftari.

"Alifundisha biolojia miaka makumi tatu," Umutoni alisema. "Alipostaafu, wenzake banaenda kunywa bière. Yeye anaenda ku vidimbwi."

Alichota tone moja kwenye mtungi, akalidondosha juu ya kipande cha kioo, akalifunika na kingine chembamba kama ganda la kitunguu. Akageuza kioo cha chini mpaka mwanga ukapanda.

"Angalia, Afande."

Kamikazi aliinama. Hakuona kitu ila kope zake mwenyewe, ndefu na nyeusi.

"Usibane jicho. Lingine uliache wazi."

Na ghafla, ala! Ulimwengu mzima. Kijidudu mfano wa kiatu kilipita mbio, kikagonga uzi wa kijani, kikarudi nyuma, kikajaribu njia nyingine. Kingine kilijishikiza kwa mkia na kuzungusha magurudumu mawili kichwani, kikivuta chakula. Halafu akaingia mkubwa wao, mwenye jicho moja jeusi, mwili wake wazi kama kioo, hata moyo wake ukaonekana unavyodunda. Kamikazi alisahau saa tisa, akasahau faili.

"Anaruka ruka," alisema kwa sauti ndogo.

"Huyo njo kiroboto ya mayi. Papa alimupenda kupita bote. Unaona mugongo yake, vile vitu viviringo? Ni mayayi. Anayabeba mpaka batoto batoke. Lakini mayi ikiharibika kidogo tu, anatupa mayayi, na yeye anakufa. Papa alisema, ukitaka kujua mayi kama ni muzuri, hesabu viroboto."

Kamikazi aliinua kichwa polepole.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Anatupa nini, ikiharibika nini?"

"Mayi ikiharibika, anatupa mayayi." Umutoni alikunja uso. "Mayi, Afande. Hii ya ndani ya mutungi. Ya kunywa, ya kuoga. Na mayayi ni mayayi, ya kuku."

Védaste, aliyesimama mlangoni, hakuelewa kwa nini bosi wake amejishika meza.

Kamikazi alilelewa Bukoba, na alikuwa na wiki tatu tu katika wilaya hii ya Rusizi. Kazini walizungumza Kinyarwanda, na huko maji ni amazi, mayai ni amagi, hakuna wa kuchanganya. Lakini Kiswahili chake alikuwa anajivunia. Kile cha hapa alikiona kimepinda, na kila aliposikia neno limepinda alilinyoosha kichwani kabla halijafika kwenye kalamu. Jumapili ile, Mzee Mudathiru, fundi baiskeli wa karibu na msikiti, alimwambia kuwa Mwalimu alipita Jumamosi saa nane mchana akasema anaenda Mururu kuchukua mayi. Naye Kamikazi akaandika mayai. Kwa herufi nzuri.

"Jumatatu ulikuya hapa," Umutoni alisema taratibu, naye sasa akianza kuona. "Ukaniuliza kama Papa alipendaka mayayi. Nikasema ndiyo, alipendaka. Nikajiuliza, hii ni swali gani ya muntu mwenye amefiwa?"

Kamikazi alitoa simu, akaweka spika ili Védaste asikie.

"Mzee Mudathiru? Inspekta Kamikazi. Nina swali moja. Jumamosi, Mwalimu alikuambia anaenda kuchukua mayi, au mayai?"

"Mayi, Afande. Mayi ya kuangalia ndani ya ile mashini yake. Muji muzima wanajua."

"Mimi niliandika mayai. Nilikusomea, ukatia sahihi."

"Ndiyo, nilisikia vile umesoma."

"Sasa mbona hukunisahihisha, mzee wangu?"

Nyundo ya mtu ilikuwa inagonga chuma mahali fulani nyuma yake.

"Wallahi, nilifikiri njo vile wanaandikaka ku serikali. Wewe uko na Kiswahili ya masomo. Mimi ni muntu ya baiskeli, nikusahihishe namna gani?"

Kamikazi alikata simu. Védaste alikuwa amegeuka kutazama mitungi, kwa adabu tu, asimwone bosi wake usoni. Lakini hakuweza kunyamaza.

"Afande, yule mama amekiri, si ndiyo?"

"Amekiri."

"Amekiri nini sasa?"

"Usiniulize." Alivuta pumzi. "Umutoni, samahani. Tuanze upya. Hii chupa, niambie kila kitu, lakini muhuri usikatwe."

Umutoni aliishika ndani ya kifuko chake, akaiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ya maji ya kijani kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa, ambacho wote kituoni walidhani ni cha duka la dawa. Chini, vumbi la kijivu. Akachukua lenzi ya mkono.

"Hii vumbi ni viroboto. Bamekufa bote."

"Si wamefungiwa siku sita humo?"

"Inaweza kuwa. Lakini soma karatasi. Papa aliandikaka na krayon, penseli ile, akaitia ndani. Wino inatokaka, krayon haitokake."

Waliizungusha chupa mpaka maandishi yakaja upande wao. K. Mururu. Sam. 12. Saa kumi.

"Sam. ni samedi, Jumamosi. K ni nani?"

Umutoni alifuta mikono. Alitoa daftari la mwisho kwenye rafu, akalifungua mahali palipowekwa uzi wa kushonea. Kamikazi alisoma mwandiko wa mwalimu, ulionyooka kama wa ubaoni, na safari hii hakunyoosha neno hata moja.

Sam. 14. Mayi ya kidimbwi ya Kayitare: viroboto 60.
Sam. 21. Mayi ya Kayitare: 41.
Sam. 28. Mayi ya Kayitare: 3. Mayi ya kijito kwa Mukandori: 55, bazima. Nilimusingizia ule mama, si kuku yake. Nitamuomba pardon.
Sam. 5. Mayi ya Kayitare: sifuri. Nimemuuliza kama anatia dawa ya nyanya ili kuua vidudu vyenye kukula batoto ba samaki. Amekasirika sana. Bantu banakula ile samaki. Sam. 12 nitachukua mayi ya kupeleka kwa bakubwa.

Kamikazi alirudia mstari wa Sam. 28 mara mbili. Nilimusingizia ule mama. Hata ugomvi wenyewe, ule alioutumia kama sababu ya mauaji, marehemu alikuwa ameufuta kwa mkono wake wiki mbili kabla.

"Jumamosi aliondoka na chupa ngapi?"

"Siku zote anabebaka sita, ndani ya sanduku yake ya mbao. Lakini ile siku sanduku ilivunjika mukono. Akasema, basi, mbili zinatosha. Akatia moja mu koti, moja mu mukono. Ni miye nilimufungulia mulango."

"Nani mwingine aliyejua ni mbili?"

"Hakuna. Miye na yeye."

Saa ilikuwa sita na robo. Walipanda Mururu, Védaste akiendesha. Kwenye kona ya pili Kamikazi alifungua faili magotini, akatafuta ripoti ya daktari. Ilikuwa pale, ukurasa wa pili, sentensi aliyoipita mara ngapi sijui: utando wa kijani puani na ndani ya masikio. Rusizi ni mto wa mbio, maji yake hayakai mahali pamoja hata yaote utando. Alilijua hilo Jumapili. Aliliacha kwa sababu lilikuwa halimhusu muuza mayai.

Vidimbwi vya Kayitare vilikuwa vitatu, kimoja chini ya kingine, vikishuka kuelekea mtoni. Kile cha juu kilikuwa na utando wa kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenyewe alitoka kwenye kibanda cha matete akiwa na buti za mpira, mtu mnene, mpole wa sauti, akifuta mikono kwenye suruali.

"Karibuni, Afande. Ni samaki munatafuta?"

"Hapana. Ni karatasi tu hizi, zinatusumbua. Mwalimu Ntabaza ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Eh! Ule mzee, Mungu amulaze. Kuna mwezi muzima sijamuona. Lakini si mulishafunga ule mwanamuke wa kuku?"

"Tumemfunga na amekiri."

"Njo vile nilisikia." Mabega yake yalishuka kidogo. Védaste alikuwa ameanza kutembea ukingoni mwa kidimbwi, mikono nyuma, kama mtu anayepunga upepo.

"Kilichobaki ni kimoja," Kamikazi alisema, na safari hii aliacha sauti yake ichoke, maana ilikuwa imechoka kweli. "Shahidi anasema Mwalimu alikuja huku kununua mayai. Mwendesha mashtaka anataka kujua ni mayai mangapi. Mimi nitajulia wapi? Hata kikapu hatukukiona."

Kayitare alicheka kidogo puani. "Mayayi! Mumepotea, Afande. Muntu gani anaenda kununua mayayi na chupa mbili?"

Kamikazi aliandika. Aliandika polepole, neno kwa neno, kama lilivyotoka mdomoni.

"Chupa mbili," alisema.

"Zile zake za vidudu. Anatembeaka nazo. Kila muntu anajua."

"Kila mtu anajua anabeba sita, kwenye sanduku la mbao. Ni Jumamosi hii peke yake alibeba mbili, kwa sababu sanduku lilivunjika siku ileile. Wewe una mwezi mzima hujamwona. Mbili umeziona wapi, Papa Kayitare?"

Kayitare alimtazama Védaste, ambaye sasa alikuwa amechuchumaa nyuma ya kibanda, akiinua kwa kijiti kopo tupu la dawa ya nyanya, na la pili, na la tatu.

"Sikumuua," Kayitare alisema.

"Nieleze."

"Nilimuambia amwange ile mayi. Nilimubembeleza, Afande. Nikamuambia niko na bateja, niko na batoto ku shule, ukisema ile neno nimekwisha. Akasema, Kayitare, hata miye nilikulaka samaki yako. Nikamunyanganya chupa moja. Nikavuta ya pili mu koti yake. Akateleza." Alionyesha kidimbwi cha juu kwa kidevu, hakutaka kukitazama. "Ni mayi ya kifua tu. Nilisema atatoka mwenyewe. Nilisimama hapa. Nikangoja atoke."

"Ulingoja muda gani?"

"Mpaka akanyamaza."

Kamikazi aliliandika hilo pia, neno kwa neno.

"Halafu?"

"Giza ilipoingia nikamutelemusha ku mto. Kesho yake nikasikia mumemufunga Mukandori. Nikashangaa. Nikasema, labda Mungu amenihurumia."

"Si Mungu," Kamikazi alisema. "Ni mimi. Védaste, mfunge pingu. Chukua maji ya vidimbwi vyote vitatu, kila chupa iandikwe mahali na saa, na kwa penseli. Hayo makopo usiyaguse kwa mkono. Kila kitu kiende maabara pamoja na ile ya mstari wa saba."

Walifika kituoni saa nane na nusu. Kayitare aliingizwa mlango wa nyuma. Kamikazi aliketi kwa mwendesha mashtaka dakika kumi, akaeleza kosa lilikuwa la nani, hakumtaja Mudathiru. Kisha akachukua funguo mwenyewe, akashuka kwenye mahabusu ya wanawake.

Mukandori alikuwa ameketi sakafuni, kitenge kimefunga magoti. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa siku tano alikuwa amezeeka kama kumi. Hakuinuka mlango ulipofunguliwa.

"Ni saa ya kwenda gereza?" aliuliza.

"Hapana, Maman Mukandori. Unakwenda nyumbani." Kamikazi alichuchumaa ili macho yao yalingane. "Tumempata aliyefanya. Ni Kayitare. Wewe hukuwa na kosa lolote. Kosa ni langu. Shahidi alisema mayi, mimi nikaandika mayai. Kwa neno hilo moja nikakuleta hapa."

Mukandori alimtazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri amalizie.

"Mayi," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Nilikuambia sikumuona. Jumapili nilikuambia. Lundi nikakuambia. Mardi, mercredi. Kila siku nilikuambia kweli, na haukuandika. Nikakuambia uwongo mara moja, ukaandika yote."

"Kwa nini ulikiri?"

"Unasahau? Ulisema, nikikubali, utaacha batoto banione."

Kweli alikuwa amesema hivyo. Alilisema jana saa kumi jioni, kwa sauti ya upole, akidhani ni ujanja wa kazi. Na watoto waliletwa, wote wanne, wakakaa robo saa.

"Walikuja," alisema.

"Balikuya. Ule mukubwa akaniuliza, Maman, ni kweli? Askari alikuwa amesimama pale, na miye nilishatia kidole. Nikaogopa nikisema hapana utabaondosha kabla sijabagusa. Nikamuambia, ndiyo, mwanangu, ni kweli." Alianza kujifunga kitenge, na Kamikazi alitamani kumsaidia lakini hakuthubutu kumgusa. "Ule mudogo hakukubali tena nimupakate. Alijificha nyuma ya dada yake."

"Nitakuja na wewe mpaka Mururu. Nitawaambia mimi mwenyewe. Nitawaambia mbele ya majirani wote, nitawaambia nilikosea kuandika."

Mukandori alisimama, akakaza fundo la kitenge.

"Wewe hapana," alisema. "Si wewe ulibaambia. Balisikia mu kinywa yangu."

Akatoka, akapita mbele ya meza ya zamu bila kuuliza vitu vyake, akaanza kupanda barabara ya Mururu kwa miguu.